Gari la gesi asilia linaposumbua: kutoka dalili hadi chanzo

Gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia iliyoshindiliwa, yaani CNG, lina njia mbili za mafuta na injini moja. Utafutaji wa tatizo unaanzia hapo. Kabla ya kushika spana, rudisha swichi kwenye petroli, kisha liendeshe gari katika hali ileile iliyokusumbua: mlima kama ule, kasi ileile, injini ikiwa na joto lilelile. Usumbufu ukiendelea kwenye petroli, achana na mfumo wa gesi na ushughulikie injini kama ya gari jingine lolote. Ukipotea kwenye petroli na kurudi kwenye gesi, yapo mambo mawili ya kutazama: mfumo wenyewe wa gesi, au kifaa cha injini kilichochoka ambacho petroli ilikuwa bado inakivumilia.

Hilo la pili husahaulika mno. Watu hulipia kutyuni, yaani kupanga upya vipimo kwenye kompyuta inayoendesha mfumo wa gesi, tena na tena wakati kilichotakiwa ni seti ya plagi. Kutyuni kunaweza kuificha dalili kwa wiki chache, lakini chanzo kinabaki palepale na kinaendelea kuila injini. Kwa hiyo, katika kila dalili hapa chini, kompyuta ya gesi iguswe mwisho kabisa, vifaa vikiwa vimeshathibitika kuwa vizima.

Harufu ya gesi

Naitanguliza kwa sababu ndiyo dalili isiyoruhusu kuendelea kuendesha huku ukichunguza. Simama mahali pa wazi, zima injini, shusha watu wote, acha milango wazi, kisha funga valvu ya mkono iliyo kwenye mtungi kama unaifikia kwa usalama. Usijaribu kuwasha tena ili "kusikia kama bado ipo".

Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, nayo haina harufu. Harufu unayoisikia imewekwa makusudi ili pua ikuonye mapema, maana methani hushika moto ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Ni nyepesi kuliko hewa, karibu nusu ya uzito wake, hivyo nje hupaa na kutawanyika. Ndani ya gereji iliyofungwa hupanda na kujikusanya chini ya dari, penye taa na nyaya. Gesi ya kupikia inafanya kinyume: ni nzito na hutambaa sakafuni. Aliyezoea moja asiichukulie nyingine kwa mazoea yaleyale.

Gari likishakuwa salama, wakati harufu inapotokea hukuambia pa kutazama. Ikitokea gari likiwa limezimwa tangu usiku, tuhumu upande wa presha kubwa: valvu ya mtungi, viungo vya bomba, na mdomo wa kujazia, ambao una valvu ndogo ya kuzuia gesi isirudi. Ikitokea injini ikiwaka tu, tazama baada ya regyuleta, kifaa kinachoshusha presha ya gesi: mipira ya presha ndogo, klampu, na injekta za gesi, zile zinazopuliza gesi kwenye injini. Harufu ikitoka kwenye bomba la ekzosi peke yake, hapo hakuna mvujo; gesi inaingia kwenye injini na kutoka bila kuungua yote, na hilo tutalifikia kwenye kumisi, yaani silinda kukosa kuwasha mafuta yake.

Mvujo hutafutwa kwa povu la sabuni, kamwe si kwa moto wa kiberiti, hata uwe mdogo namna gani. Sabuni isiwe na amonia, kwa sababu amonia huipasua shaba nyeupe iliyomo kwenye viungo na valvu. Povu likivimba, kazi yako imeishia hapo. Kiungo chenye presha ya bar 200 hakikazwi kikiwa na gesi ndani. Mtu mwenye leseni ya kazi hiyo atafunga valvu, atamwaga presha iliyobaki kwenye bomba, ndipo afungue. Na kama kuna mtu amekuwekea mtungi wa gesi ya kupikia mahali pa mtungi wa CNG kwa kuwa ni rahisi kuupata, usilijaze tena gari hilo. Mtungi huo umetengenezwa kwa presha ndogo mara nyingi kuliko ya kituo cha CNG, na utapasuka.

Gari linakataa kuhamia kwenye gesi

Mara nyingi hapa hakuna ubovu wowote. Mifumo mingi ya injekta huwasha gari kwa petroli na kusubiri maji ya rejeta yafike joto lililowekwa kwenye kompyuta ya gesi, kwa kawaida kati ya nyuzi 30 na 50. Safari ikiwa fupi, gari linaweza kufika bila kuhama. Lakini kama linachukua dakika nyingi kuliko zamani, tazama thamostati, valvu inayozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto. Thamostati iliyokwama wazi huifanya injini ikae baridi, na hapo mwenye gari hulaumu mfumo wa gesi wakati ni injini isiyopata joto.

Joto likiwa limefika na bado haihami, fuata umeme: fyuzi ya mfumo wa gesi, waya wa hasi ulioshika kutu kwenye bodi, sensa ya joto iliyo kwenye regyuleta, kisha valvu ya umeme ya mtungi. Valvu hiyo hutoa mlio mdogo wa "tak" inapofunguka. Weka sikio karibu wakati mwenzako anabonyeza swichi. Mlio usiposikika, pima kama umeme unafika. Ukifika na valvu isiite, koili yake imekufa.

Gari linahama, kisha linarudi petroli lenyewe

Kompyuta ya gesi hurudisha gari kwenye petroli inapoona presha imezama chini ya kiwango chake. Kwa hiyo swali ni moja: kwa nini presha inazama?

Kama hutokea mtungi ukikaribia kuisha, ni kawaida. Kama hutokea mtungi ukiwa umejaa, na hasa unapokanyaga mafuta kwa nguvu au kupanda mlima, gesi inazuiwa njiani. Anza na filta. Ipo ya presha kubwa, kabla ya regyuleta au ndani yake, na ipo ya presha ndogo, kabla ya injekta. Filta zote mbili zina muda wa kubadilishwa, na mafuta mazito yanayotoka kwenye kompresa za vituo huzifupishia maisha. Ukikuta filta imelowa mafuta meusi, usibadilishe hiyo tu. Mafuta hayohayo yameshapita na kufika kwenye kiwambo cha regyuleta, utando wa mpira ulio ndani yake, na kwenye injekta.

Kama ilianza mara tu baada ya matengenezo, kuna jambo dogo la kulitazama kwanza. Valvu nyingi za mitungi zina kinga inayojifunga ikihisi gesi inatoka kwa kishindo, ili bomba likikatika gesi isimwagike yote. Fundi akifungua valvu ya mkono kwa haraka, kinga hiyo huchukulia kwamba bomba limekatika. Funga, subiri kidogo, fungua polepole. Na hakikisha imefunguliwa hadi mwisho. Valvu iliyofunguliwa nusu hutosha gari likiwa limesimama na haitoshi barabarani.

Barafu kwenye regyuleta

Gesi inayotoka presha ya bar 200 na kushuka hadi bar mbili hivi hupoa vikali, kama kopo la dawa ya kupuliza linavyopoa mkononi ukilibonyeza mfululizo. Ndiyo maana regyuleta imeunganishwa na maji ya moto ya injini. Ukiikuta imevaa ukungu mweupe wa barafu, au gari likianza kudhoofika baada ya mwendo mrefu na kupona likisimama, maji hayo hayaipitii vya kutosha.

Tazama kiwango cha maji ya rejeta injini ikiwa baridi. Yakiwa pungufu, regyuleta ndiyo huwahi kukosa maji, kwa sababu mara nyingi imefungwa juu na hewa hujikusanya humo. Kisha shika mipira miwili ya maji inayoingia na kutoka, injini ikiwa imeshika joto: yote iwe ya moto. Mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, kuna hewa imenasa, mpira umejikunja, au umeunganishwa baada ya valvu ya hita ya ndani ambayo hujifunga ukizima hita. Hili la mwisho linachekesha kwa jinsi lilivyo rahisi kulijaribu: washa hita, na kama barafu inayeyuka umepata jibu. Dawa yake ni kuhamisha muunganisho.

Maji yakipungua kila wiki bila kuonekana yanapomwagika, na viputo vikionekana kwenye chupa ya akiba, usikimbilie kusema gasketi ya hedi, yaani kizibio cha chini ya kichwa cha injini. Regyuleta iliyotoboka ndani hupitisha gesi kwenye maji. Kuna jaribio safi la kutenganisha haya mawili: endesha kwa petroli siku kadhaa valvu ya mtungi ikiwa imefungwa. Viputo vikiisha, ni regyuleta. Vikiendelea, hapo ndipo uzungumzie gasketi.

Injini inamisi kwenye gesi, kwenye petroli iko sawa

Hii ndiyo dalili inayoleta magari mengi gereji, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote.

Mchanganyiko wa methani na hewa unahitaji umeme wenye volti kubwa zaidi ili cheche iruke kwenye plagi. Plagi iliyoliwa ncha, waya wa plagi unaovujisha umeme, koili ya plagi yenye ufa mdogo: vyote hivi vinaweza kuendesha petroli bila kelele na kushindwa kwenye gesi. Kwa hiyo gari linalomisi kwenye gesi peke yake, hasa likiwa na mzigo, ni gari la kukaguliwa mfumo wa kuwasha kabla ya kitu kingine.

Toa plagi zote uzipange kwa mfuatano wa silinda. Tazama nafasi ya ncha. Mafundi wengi wa gesi huifanya iwe ndogo kidogo kuliko ya petroli, ili koili isichoke, na kwa injini nyingi ni ushauri mzuri. Kama mtengenezaji wa gari ametoa kipimo cha gesi, fuata chake. Tazama kauri nyeupe ya plagi kama ina mstari mweusi wa urefu: huo ni mkondo wa umeme uliopita nje badala ya kuruka kwenye ncha, na plagi yenye mstari huo pamoja na mpira wa koili yake vyote vitupwe. Plagi za gari la gesi hubadilishwa mapema kuliko ratiba iliyoandikwa kwa petroli. Usisubiri zife.

Kisha soma namba za hitilafu kwa kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu. P0301, P0302 na kuendelea hutaja silinda yenyewe. Ukipata P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa hitilafu, endesha. Namba ikigeuka P0303, koili ndiyo mbaya na umeijua bila kununua kitu. Ikibaki P0302, hamisha plagi kwa namna hiyohiyo. Ikizidi kubaki, sasa ndiyo zamu ya injekta ya gesi.

Kwenye injekta, mifumo mingi ina msaada ambao mafundi wengi hawautumii: kompyuta ya gesi ikiunganishwa na laptopu inaweza kurudisha silinda moja moja kwenye petroli huku nyingine zikiendelea na gesi. Rudisha ya kwanza, sikiliza. Irejeshe gesi, rudisha ya pili, sikiliza. Silinda ambayo ikirudi petroli injini inatulia, injekta yake ya gesi ndiyo yenye shida, au mpira wake umelegea, au nozeli yake imeziba. Injekta iliyojaa mafuta ya kompresa hufunguka kwa kuchelewa, tena zaidi asubuhi ikiwa baridi. Baadhi husafishika, nyingine hazirudi hali yake, na kuchanganya injekta moja mpya na tatu zilizochoka huleta mtikisiko mwingine.

Gari jipya kufungwa gesi likimisi tangu siku ya kwanza, chukua tochi ufuate waya na mipira. Ni jambo linalotokea: mpira wa injekta ya silinda ya kwanza umepelekwa ya tatu. Injini itawaka na itatembea, lakini haitatulia kamwe, na hakuna kutyuni kutakakoiponya. Mipira yenyewe iwe mifupi na yenye urefu sawa. Ikiwa mirefu, gesi hufika kwa kuchelewa.

Umeme ukiwa safi, injekta nzima, na kumisi kukiendelea kwenye silinda ileile hasa injini ikiwa ya moto na inazunguka bila kukanyaga mafuta, pima mgandamizo wa silinda. Gesi ni kavu. Petroli huacha mabaki yanayolainisha kidogo mahali valvu inapokaa. Gesi haiachi kitu, na kwenye injini zenye siti laini za valvu, siti huliwa taratibu. Valvu huzama, nafasi yake hupungua hadi ikashindwa kujifunga sawasawa. Kama injini yako ni ya aina inayopimwa nafasi za valvu kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, zipimwe mapema kuliko ratiba ya petroli inavyosema. Kuzirekebisha ni kazi ya saa chache. Kuliacha jambo hilo hadi valvu iungue ni kufungua hedi.

Namba zinazotenganisha hewa na gesi

Kama una kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, hata kile kidogo cha kuunganisha na simu, kuna kipimo kinachokuokolea muda mwingi: asilimia za marekebisho ya mafuta, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Yanaonyesha gari linaongeza au linapunguza mafuta kiasi gani ili lifikie mchanganyiko sahihi. Yasome kwenye petroli, kisha kwenye gesi, kila mara mara mbili: gari likiwa limesimama na injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, na ikiwa kwenye mizunguko 2,500 hivi au barabarani.

Petroli ikiwa na +3 na gesi ikawa na +20, gari linalilia gesi. Sasa tazama linalia wapi. Kama namba ni kubwa gari likiwa limesimama, hata kwenye petroli, na inashuka ukiongeza mizunguko, kuna hewa inaingia mahali isipotakiwa: gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), mpira wa vakyumu (unaopitisha mvuto wa hewa wa injini), au tundu la nozeli ya gesi lililotobolewa kwenye manifoldi na kuzibwa vibaya. Kama ni ndogo likiwa limesimama na inapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, gesi haitoshi: rudi kwenye filta, regyuleta na valvu ya mtungi. Ikiwa kubwa kote kwa kiasi kilekile, na vifaa vimekaguliwa, hapo kweli ni kutyuni.

Hitilafu P0171, yaani mchanganyiko hafifu, na P0172, mchanganyiko mzito, zinatokana na namba hizohizo zikivuka mpaka. Kufuta taa ya cheki injini bila kuzisoma ni kutupa ushahidi uliokuwa mkononi. Kuna na jambo jingine: kwenye mifumo mingi kompyuta ya petroli haijui kama unachochoma ni gesi. Ikijifunza kuongeza asilimia 20 wakati wa gesi, itaongeza hizohizo ukirudi petroli, na gari litawaka kwa shida, litanuka na kutoa moshi. Mwenye gari atasema petroli imeharibika.

Nguvu zimepungua

Kupungua kidogo ni haki ya gesi. Methani huingia kwenye silinda ikiwa tayari ni gesi, si matone, na huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi ambayo ingejazwa na hewa ya kuunguzia. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa), iliyobadilishwa kwenda gesi, hupoteza kama asilimia 10 hadi 15 ya nguvu, na hata ukiibadilisha kila kitu haitarudi yote. Ukihisi tofauti hiyo kwenye mlima mrefu na gari likaendelea kuvuta bila kusitasita, liko sawa.

Hasara ikizidi hapo, fuata mpangilio huu: filta ya hewa, filta za gesi, presha ya regyuleta wakati wa mzigo, plagi. Presha ipimwe gari likivuta. Gari likiwa limesimama, hata regyuleta mbovu huonyesha presha nzuri. Mtu mmoja aendeshe, mwingine atazame laptopu. Presha ikizama kila unapokanyaga na kurudi ukiachia, umepata chanzo. Kuna pia nozeli ndogo kuliko injini. Fundi aliyefunga seti ya gari dogo kwenye injini kubwa atakuambia gari "litazoea". Halitazoea.

Methani huungua polepole kuliko petroli, hivyo ingependa cheche iwahi kidogo. Kuna kifaa cha kuiwahisha, na kwenye injini nyingi kinasaidia kurudisha sehemu ya nguvu. Oktani ya methani, kipimo cha uwezo wake wa kutolipuka kabla ya wakati, inafika 120 na zaidi, kwa hiyo kuwahisha huko hakuleti mgongano kwenye silinda. Lakini kifaa hicho kifungwe kwenye injini nzima. Si dawa ya filta chafu.

Linazima ukifika kwenye taa za barabarani

Umeachia mafuta, gari linapunguza mwendo, mizunguko inashuka kupita kiasi na injini inazima. Kwenye petroli halizimi. Safisha throto, mlango wa hewa ya injini, kwanza, kwa kuwa uchafu wa hapo huonekana mapema kwenye gesi. Kisha chomoa ule mpira mwembamba wa vakyumu unaotoka regyuleta kwenda manifoldi, injini ikiwa kwenye gesi na bonneti ikiwa wazi mahali penye upepo. Ukisikia gesi inatoka humo, kiwambo cha regyuleta kimetoboka: gesi inanyonywa moja kwa moja hadi kwenye injini kupitia njia ambayo kompyuta haiijui. Usiendelee kuendesha kwa gesi. Funga valvu ya mtungi, tumia petroli, badilisha viwambo au regyuleta yote.

Kwenye mifumo ya zamani yenye miksa, inayochanganya gesi na hewa kwenye bomba la hewa badala ya kutumia injekta, kuzima huku mara nyingi ni skrubu ya sailensa ya regyuleta (ya mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iliyohama, au kiwambo kilichokakamaa kwa mafuta ya kompresa.

Mlipuko kwenye njia ya hewa

Ni kishindo kimoja, na boksi la filta ya hewa limepasuka. Hutokea zaidi kwenye mifumo ya miksa, kwa sababu bomba zima la hewa limejaa mchanganyiko unaowaka. Kwenye mifumo ya injekta gesi huingia karibu na valvu na nafasi ya kulipuka ni ndogo. Mlipuko wenyewe ni matokeo. Kilichousababisha ni cheche iliyokosa au kuchelewa, mchanganyiko hafifu unaoendelea kuungua hadi valvu ya kuingiza hewa inafunguka tena, au valvu isiyofunga. Kurudishia boksi jipya bila kubadilisha waya za plagi ni kungojea kishindo cha pili, na safari hii kinaweza kuondoka na sensa ya kupima hewa. Mfumo wa miksa uwe na kifuniko cha kutolea presha kwenye bomba la hewa, lakini kifuniko hicho hupunguza madhara tu.

Gesi inaisha mapema

Mtungi wa lita 60 ukijazwa sawasawa kwenye bar 200 hubeba karibu kilo 10 za gesi, na kilo moja hufanya kazi ya kama lita moja na nusu ya petroli. Anza na hesabu hiyo kabla ya kusema gari linakula.

Kisha fikiria ujazaji. Gesi inayoingia kwa kasi hupasha mtungi joto, na gesi ya moto hufikisha presha kabla haijatosha. Geji inasoma 200 pale kituoni. Mtungi ukipoa, inashuka bila hata tone kuvuja. Si ajabu kupungukiwa moja ya tano. Kujaza mtungi ukiwa umepoa, na wakati hakuna foleni ndefu iliyochosha akiba ya kituo, huongeza kilomita. Linganisha kilo zilizoandikwa kwenye mashine ya kituo na kilomita ulizotembea, usilinganishe taa za swichi zinazoonyesha gesi iliyobaki. Taa zile nne ni makadirio, na sensa yake huhama. Geji ya mshale iliyo karibu na regyuleta ndiyo ya kuaminiwa zaidi.

Kama kilo zinazoingia zimepungua kuliko zamani, hakikisha valvu za mitungi yote ziko wazi, maana gari lenye mitungi miwili hutembea vizuri kwa mmoja. Kama kilo ni zilezile na kilomita zimepungua, rudi kwenye asilimia za marekebisho, sensa ya oksijeni, na breki zinazoshika.

Ukiwa kwenye mitungi, soma lebo. Mtungi wa CNG uliotengenezwa kwa kiwango cha ISO 11439 una mwisho wa maisha usiozidi miaka 20, hata ukionekana mpya, na kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 110 inataka ukaguzi angalau kila miezi 48. Nchi nyingine zina muda mfupi zaidi. Mtungi uliopitia ajali au moto hukaguliwa kabla ya kujazwa tena. Ule uliozungushiwa nyuzi usimwagikiwe asidi ya betri, kwa kuwa asidi huzikata nyuzi ndani kwa ndani pasipoonekana.

Petroli iliyosahauliwa

Hatimaye kuna tatizo linalotokea upande wa pili. Gari limetembea miezi mingi kwa gesi, tanki la petroli likiwa karibu kavu, na asubuhi moja haliwaki. Pampu ya petroli hupozwa na petroli iliyoizunguka. Kwenye magari mengi huendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi, na ikizunguka kwenye tanki kavu huungua. Injekta za petroli zisizofunguka kwa muda mrefu huganda utandu. Petroli yenyewe huchakaa ikikaa. Weka angalau robo ya tanki, na kila wiki endesha sehemu ya safari kwa petroli injini ikiwa ya moto. Gari likishakataa kuwaka, sikiliza pampu kwanza ukiwasha ufunguo: ikinguruma, pima presha ya petroli na usafishe injekta, isiponguruma, angalia fyuzi na rilei, kisha pampu. Baadhi ya mifumo huruhusu kuwasha kwa gesi moja kwa moja kama njia ya dharura, kwa kawaida kwa kushikilia swichi wakati wa kuwasha ufunguo. Itumie kufika gereji. Kuiwasha injini baridi kwa gesi kila siku huumiza viwambo vya regyuleta, na barafu ile tuliyoizungumzia huanzia hapo.